Sahani Isiyo na Harufu

Siku yangu ya mwisho kazini mlinikatia keki, mkanipa blanketi, na Sheila akaniambia, "Baba Nekesa, tuandikie hizo vitu zako. Ukienda, zinaenda na wewe." Nimekaa na maneno hayo nikiona uvivu wa kuanza. Shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu umezoea ufagio kuliko kalamu, kwa hivyo mtanivumilia. Lakini mjue mapema kwamba nitataja majina. Atakayekasirika akasirike. Mimi ndiye nimebaki na mgongo usiotaka kuinama, na bado sijui vizuri ni nani wa kumlaumu. Nitawapanga wote, kila mtu achukue chake.

Nilikuja Nairobi kutoka Kakamega kutafuta kazi ya mkono, nikaipata Westlands, kwenye mjengo. Jengo lenyewe ni lile ambalo maabara yetu iko ghorofa ya nne. Nililipandisha kwa karai, kokoto baada ya kokoto, nikidhani nikimaliza sitaliona tena kwa ndani. Lilipoisha, chini kukafunguliwa hoteli ya nyama choma, na juu kukaja watu wa makoti meupe na masanduku ya mashine. Mashine moja haikutosha kwa lifti. Ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyelala. Tukaibeba kwa ngazi, vijana wa mjengo, na juu akatungoja mtu mfupi mwenye miwani, akatuuliza ni nani kati yetu haogopi damu. Wenzangu wakaangaliana. Mimi nikasema nimechinja kuku wengi. Akacheka, akaniambia nirudi kesho na viatu vilivyofungwa.

Huyo alikuwa Bwana Makokha, mkuu wa chumba cha vimelea, mtu wa kwetu magharibi pia. Na mashine ile nzito ni otoklevu, ya kupika uchafu kwa mvuke, ambayo nimekaa nayo kuliko nilivyokaa na ndugu zangu.

Asubuhi ya kwanza Makokha alinipa aproni ya mpira, glavu nene na buti, akanisimamisha mlangoni. Akasema chochote kinachoingia chumba kile ni kigonjwa mpaka kipikwe, hata kama kimetoka kwa bibi harusi. Chupa za damu, vikopo vya makohozi, sahani za plastiki ambazo wanaoteshea vimelea, vyote mwisho wake ni kwangu. Navipakia kwenye mfuko, nabandika ule utepe wa mistari, nafunga mlango, naacha mvuke ufanye kazi. Mistari ikigeuka nyeusi, najua joto limefika. Isipogeuka, narudia, hata kama watu wanataka kwenda nyumbani. Makokha aliwahi kunikuta nimefungua mapema kwa sababu ya haraka, akanifanya nipike upya mzigo wote huku amekaa kwenye stuli akinitazama. Sikurudia.

Alinifundisha kuvua glavu kama unavyomvua mtoto soksi iliyokojolewa: unashika kwa nje, unaigeuza ndani iwe nje, na ngozi yako haigusi. Alinifundisha kwamba damu ikimwagika usikimbilie kufuta. Funika na karatasi, mwaga jiki, ile dawa ya kuua vijidudu, kuanzia pembeni kuelekea katikati, halafu simama ungoje. Hapo kwa kungoja ndipo wengi wenu mnashindwa, nimewaona. Na sindano haivalishwi kofia yake tena. Anayeivalisha kofia anaitafutia kidole.

Dereva akikosekana nilitumwa kuchukua sampuli kwenye kliniki za Karen. Huko kuna mama mmoja alinipa sampuli ya choo ndani ya mkebe wa chokoleti uliofungwa utepe, nusura mlinzi wa getini aufungue akidhani ni zawadi ya Krismasi. Niliufungua mimi, nikauvalisha ipasavyo. Sampuli ikisafiri inavaa nguo tatu: chupa yake iliyokazwa, mfuko usiovuja wenye pamba ya kunyonya, na sanduku gumu la nje. Hata tajiri hasafirishwi uchi.

Sasa nifike kwa pua.

Makokha alikuwa na pua ambayo chumba kizima kilijivunia. Akifungua sahani iliyolala kwenye kabati la joto, anaileta chini ya pua, anafumba macho, anataja jina la kimelea kabla mashine haijawashwa. Kuna kinachonuka kama zabibu. Kuna cha harufu ya chumba chenye panya. Kuna kinachonuka kama unga uliopata maji. Wakubwa wake walimfundisha hivyo, naye akatufundisha sisi, na ukawa mchezo wa asubuhi. Sahani inazunguka, kila mtu ananusa, anayekosea ananunua mandazi. Kamande, ambaye ndiye aliyemfuata Makokha kwa cheo, alikuwa anakosea makusudi akiwa na njaa ili mandazi yasikosekane. Hata mimi mpishi wa uchafu niliingizwa. Makokha aliniambia pua yangu haijaenda shule, kwa hivyo haidanganywi na vitabu. Nikafurahi. Mnicheke mkitaka. Hakuna mtu mwingine kwenye jengo lile aliyewahi kuniuliza maoni yangu kwa jambo lolote.

Chini yetu nyama ikianza kuchomwa, moshi ulipanda kwa matundu ya hewa, na Makokha alikuwa akilalamika kwamba hawa watu wanamharibia kifaa cha kazi.

Kulikuwa na desturi nyingine, hii ya kwangu. Mke wangu Rose ana kibanda cha maziwa Kinoo, kando ya barabara, mnapajua wale mmefika. Anauza ya kuchemsha na anauza mala, yale yaliyoganda. Kila Ijumaa nilibeba kidumu cha mala, tukanywa kwenye chumba cha chai, mbali na sampuli, mikono imeoshwa. Makokha alikunywa vikombe viwili. Purity wa risepsheni alikunywa kimoja na kulamba kijiko. Kamande hakunywa, alisema maziwa yanamgeuza tumbo. Mala ya Rose huchemshwa kwanza, ikapoa, ikatiwa ya jana kidogo, ikalala mpaka ishike. Nimeiona ikifanywa hivyo asubuhi nyingi kuliko nilivyoona jua.

Basi ikaja damu ya mtu mmoja aliyekuwa akitunza mbuzi kwenye boma la tajiri huko Karen. Homa imemkalia, haiondoki. Chupa yake ilikaa kwenye joto bila kutoa kitu, tukaisahau kidogo, halafu kwenye sahani vikatokea vitone vidogo sana, kama umande kwenye jani. Makokha alifungua mfuniko akanusa. Akakunja uso. Akanusa tena, mara hii karibu zaidi. Akampa Kamande. Kamande akasema haina kitu. Nikapewa mimi.

Muelewe hapa, kwa sababu ndipo kila kitu kinaposimama. Sahani inayonuka unainusa kidogo tu, unatoa uso. Lakini hii haikunuka. Kwa hivyo tuliinusa kweli kweli. Nilivuta hewa mpaka mbavu zikapanuka. Hakuna kitu, labda chuma chenye maji kwa mbali, na pengine hicho ni mfuniko. Ikarudi kwa Makokha, akavuta tena, ikazunguka mara ya pili. Hakuna aliyenunua mandazi siku hiyo. Makokha alisema, "Hii imenishinda," akaifunga, akaituma kwa maabara kubwa watusaidie.

Simu ilipokuja kutoka huko, Makokha aliisikiliza amesimama. Akaweka chini, akaenda kwenye sinki, akanawa mikono kwa muda mrefu sana. Mikono. Akatuambia ni brusela, ugonjwa wa mifugo, na kuanzia sasa sahani za mtu yule zifunguliwe tu ndani ya kabati la usalama, lile linalovuta hewa lisikurudishie usoni. Hakuna aliyesema neno kuhusu pua. Mimi sikujua brusela ni kitu gani. Nilizipika zile sahani, mistari ikageuka nyeusi, nikaenda zangu nyumbani.

Ugonjwa huo hauna haraka. Ulinijia wakati nimeshausahau. Jioni mwili unawaka, usiku shuka linaloa, asubuhi uko mzima kiasi cha kuona aibu kuomba ruhusa. Zahanati ya kwanza ikaniambia malaria. Ya pili ikaniambia taifodi, kwa sababu Nairobi ukisema homa lazima upewe mojawapo. Halafu viungo vikaanza, nyonga, magoti, na huu mgongo. Makokha naye akaanza kutembea akishika ukuta. Purity akalala kwao wiki nzima. Damu zetu sote watatu zikapimwa pale pale kwetu, na Kamande ndiye aliyekuja na jibu akiwa hajui aweke wapi macho. Brusela.

Sasa fuateni, kwa sababu mimi nimejaribu kufuata mara nyingi na kila mara napotea.

Mimi nilinusa na nilikunywa mala. Makokha alinusa na alikunywa mala. Purity hakuwahi kunusa sahani maishani mwake, kazi yake ni mezani mbele, lakini mala alikunywa. Kamande alinusa kama sisi, mala hakugusa, na akabaki mzima akipanda ngazi akipiga mluzi. Ukisikia hivyo utasema ni maziwa. Lakini Rose alikunywa maziwa hayo hayo. Watoto wangu walikunywa. Wateja wa Kinoo, wazee kwa watoto, walikunywa, na hakuna hata mmoja aliyelala. Purity mwenyewe alikuwa ametoka harusini Narok, na huko maziwa hunywewa mabichi, hayamngoji mtu kwenye moto. Tena Makokha alikuwa na tabia ya kutoka na sahani mkononi mpaka risepsheni kuwaonyesha wageni jinsi vimelea vinavyopendeza. Alitoka na ile? Purity hakumbuki. Mimi sikumbuki.

Daktari Kirimi, meneja wetu wakati huo, hakupotea hata kidogo. Alituita kwenye chumba cha chai sote, wagonjwa na wazima. Alisema maabara yake ina kabati la usalama, ina glavu, ina otoklevu, ina kila kitu kinachotakiwa. Akauliza, kama mwalimu wa watoto wadogo, brusela inapatikana wapi. Mtu akajibu kwa maziwa. Akauliza ni nani hapa anayeleta maziwa.

Nyuso zote zikanigeukia. Nilikuwa nimekaa upande mmoja wa kitako kwa sababu ya sindano. Nilimngoja Makokha aseme. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikangoja tena. Mwishowe nikasema mwenyewe, "Na ile kunusa je, daktari?"

"Kunusa nini?"

Kamande alitoa kicheko kidogo cha puani. Makokha akainua kichwa, akamtazama Kirimi, si mimi. "Hakuna mtu hunusa sahani hapa, daktari."

Ndivyo alivyosema. Mtu aliyenifundisha kungoja mistari igeuke nyeusi. Nilijua mara moja kwa nini: angekubali, Kirimi angemfukuza kazi kabla ya chakula cha mchana. Najua. Hata sasa nikiwa na hasira najua. Lakini alipolitupa lile jambo, lilianguka kichwani mwa mtu ambaye hakuwa chumbani.

Maana Purity pia anakaa Kinoo. Hakuwa na ubaya, aliulizwa na jirani ameugua nini, akajibu alivyoambiwa kazini. Kabla wiki haijaisha kibandani kwa Rose ilikuwa ni salamu tu na kupita. Mama wa saluni, ambaye hakukosa hata siku moja, alimwambia, "Leo sitachukua, Mama Nekesa, ya jana bado iko." Ya jana hakuwa amechukua. Mwenye hoteli ndogo ya pembeni akaanza kuletewa maziwa ya paketi. Rose alimwaga lita kwa lita nyuma ya kibanda, na paka wa Kinoo wakanenepa.

Mke wangu si mtu wa kelele. Alichukua jiko kutoka ndani, akalitoa nje, akaliweka karibu na barabara ambapo kila anayepita analiona. Akaweka sufuria juu. Maziwa yakipanda anayaacha yapande mpaka povu linataka kumwagika, anashusha, anarudisha, yapande tena. Vumbi, malori, mvua, yeye yuko pale na mwavuli. Mimi nimelala chumbani kwetu, nyuma ya kibanda, nasikia harufu ya maziwa yaliyoungulia pembeni.

Siku moja aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono inanuka moshi. Nilikuwa nimemweleza yote, sahani, mandazi, viatu vya Makokha. Akaniuliza, "Wewe unaamini nini?"

Nikamwambia sijui. Ndiyo kweli niliyokuwa nayo. Aliinuka akarudi kwa jiko lake, na tangu hapo akawa ananipikia, ananiosha, ananihesabia vidonge, lakini kuongea na mimi aliongea kama mtu anavyoongea na mpangaji.

Nilipoweza kusimama nilirudi kazini, nikapewa kazi ya kukaa. Makokha alikuwa ameacha. Wengine walisema Kirimi alimtoa kimya kimya, wengine walisema magoti ndiyo yalimtoa. Kamande akachukua stuli yake. Kwenye chumba cha chai kidumu changu kilikuwa bado kipo, mtu amekijaza jiki. Mchezo wa kunusa ulikufa bila kutangazwa, kana kwamba haukuwahi kuwepo.

Halafu Jumamosi moja niko kibandani nimekaa kwenye kreti, namwona mtu mfupi wa miwani anakuja na fimbo kutoka upande wa steji ya matatu. Nilimtambua kwa miwani tu. Alikuwa amekonda, suruali imekunjwa kiunoni. Wanawake kadhaa walikuwa wamesimama karibu na jiko kwa mazungumzo, mama wa saluni mmoja wao, hakuna anayenunua. Makokha aliwasalimu wote, akanisalimu, akamwambia Rose, "Mama, nipe mala kikombe kimoja."

Rose alimjua. Alikuwa amemwandalia vidumu vya Ijumaa kwa miaka. Akakisuuza kikombe kwa maji ya moto, akamimina, akampa kwa mikono miwili kama anavyompa kila mtu. Wanawake wakageuka kumtazama mgeni.

Makokha akakiinua kikombe. Na kabla hakijafika mdomoni, mkono ukakisimamisha chini ya pua, macho yakafumba. Sidhani alijua anafanya hivyo.

"Bwana Makokha," Rose akamwambia, taratibu, "hiyo ni ya kunywa. Si ya kunusa."

Macho yakafumbuka. Nilimwona akinitazama, mara ya kwanza tangu kile chumba cha chai. Mama wa saluni akauliza huyu ni nani. Rose akajibu, "Ndiye yule mgonjwa mwingine wa kule kazini kwa Baba Nekesa."

Makokha alikunywa. Alikunywa mpaka chini, tukaona shingo ikipanda na kushuka, kikombe kikageuka. Akakirudisha. "Ongeza," akasema. Akanywa cha pili kama zamani. Akalipa, akawaaga akina mama mmoja mmoja, akaondoka na fimbo yake.

Wanawake walimfuata kwa macho. Mama wa saluni akakohoa. Akasema kama ni hivyo basi apimiwe nusu, na Rose akapima nusu, bila kumwangalia, bila kuzidisha hata tone.

Mimi nilimfuata Makokha kwa mwendo wangu wa bata, nikamfikia karibu na steji. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga nikiwa kitandani. Yaliyotoka ni machache. Nilimuuliza amekuja kumsafisha mke wangu ama kujisafisha yeye.

Aliegemea fimbo. "Nilikuwa na kiu, Shikuku," akasema. Akapanda gari, na sijamwona tena. Nasikia alirudi nyumbani kwao.

Kwa hivyo Sheila, haya ndiyo uliyotaka niwaachie. Daktari Kirimi, aliyejua jibu kabla ya kuuliza swali, sasa ana maabara yake Karen na anafundisha watu usalama. Kamande mnaye hapo, muulizeni kuhusu mandazi, atacheka cheko lile lile. Makokha alinipa kazi, akanifundisha kila kitu ninachojua, akanikana mbele ya watu, akaja na magoti yale mpaka Kinoo kunywa maziwa. Nimeshindwa kumjumlisha. Kuhusu brusela yenyewe, kama iliingia kwa pua au kwa mdomo, nimeacha kuuliza wanasayansi, kila mmoja ananipa yake.

Sahani fungueni ndani ya kabati, pua iwe mbali, na ile isiyotoa harufu iogopeni zaidi.

Rose ananunuliwa sasa kuliko zamani. Nilimnunulia jiko la gesi nikistaafu, la kuweka ndani. Amelifunika kitambaa. Yeye bado anachemshia nje, kando ya barabara, povu linapanda anashusha, linapanda anashusha. Wateja wa leo hawajui kwa nini, wanadhani ni matangazo ya biashara. Asubuhi nakaa kwenye kreti yangu karibu naye. Ananimiminia mala, ananipa kikombe, anasimama kidogo akinitazama mkono.

Nakipeleka moja kwa moja mdomoni.